Kwenda kusikiliza wasanifu majengo na kuona maonyesho ya sanaa Lubumbashi: maswali mnayouliza kila mara

Kila tangazo la konferansi au la maonyesho likianza kuzunguka kwenye WhatsApp, simu yangu inajaa maswali yaleyale. Mengine ni ya kweli. Mengine ni ya mtu anayetafuta sababu ya kubaki nyumbani. Nimeyakusanya hapa ili siku nyingine nikutumie ukurasa huu tu, nikaendelea na chai yangu.

Ni lazima niwe nimealikwa?

Hapana. Kadi yenye jina ni ya wakubwa wanaowekewa viti vya mbele. Tangazo likisema ni wazi kwa wote, basi na wewe wa Katuba au Ruashi umo. Mlinzi akikuuliza "Papa, unaenda wapi?", mjibu bila kigugumizi kwamba unaenda kwenye konferansi. Ndani utakuta daftari mezani. Andika jina lako na kazi yako. Usione haya kuandika "fundi mwashi" au "muuzaji sokoni". Waandaaji wanalisoma daftari hilo baadaye, na ni vizuri wajue nani alikuja.

Kuingia ni bei gani?

Mara nyingi ni bure. Makumbusho yana tiketi yake. Beba faranga ndogondogo, maana dola iliyochanika hata ukucha mmoja pembeni hakuna atakayeipokea, unajua mwenyewe.

Mambo haya yanafanyika wapi hasa?

Sehemu ni zilezile chache. Kuna Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, jirani na Jengo la 30 Juni. Kuna Halle de l'Étoile katikati ya mji. Kuna kituo cha Picha, ambacho tangu 2008 ndicho kinachoandaa Biennale ya Lubumbashi, yaani maonyesho makubwa ya sanaa ya kila miaka miwili, na kuna kituo cha sanaa Waza. Kumbi za UNILU, chuo kikuu chetu, nazo hupokea konferansi, hasa profesa akiwa anatoka nje.

Hebu yatazame majina hayo mawili tena: Picha, Waza. Waliovianzisha ni vijana wa hapa, na walipotafuta jina walichukua neno ambalo hata bibi yako analielewa. Halafu unaniambia mambo haya si yetu.

Angalizo moja: wakati wa Biennale kazi za sanaa hutawanywa sehemu nyingi za mji. Usiende kwa mazoea ya mwaka uliopita. Soma tangazo hadi chini, ndiko wanakoficha anwani.

Watazungumza lugha gani? Naweza kuuliza kwa Kiswahili?

Mzungumzaji atatumia Kifaransa, karibu kila mara. Ukifika wakati wa maswali, inua mkono na uulize kwa Kiswahili. Sikwambii ujaribu bahati yako, nakwambia ni haki yako. Ukumbini hakukosi mtu wa kutafsiri, na ukianza wewe, wawili watatu nyuma yako watapata ujasiri. Nimeshuhudia ukumbi uliokuwa umelala ukiamka kwa sababu mama mmoja alisema tu, "Mimi nitauliza kwa Kiswahili, mtanisamehe." Hakukuwa na cha kusamehe. Baada yake watu sita walinyoosha mikono, na wote waliuliza kwa Kiswahili.

Kama bado unaona aibu, kumbuka mambo mawili ya mji huu. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya boyi wa zamani waliowahi kufanya kazi katika nyumba za Wazungu, aliandika historia ya mji huu, na aliiandika kwa Kiswahili. Miaka michache baadaye, 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia nzima ya nchi, picha baada ya picha, zikafika kama mia. Alimweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian maana ya kila moja, naye Fabian alinasa sauti yake. Mazungumzo hayo yote yalikuwa kwa Kiswahili chetu cha Katanga, hiki tunachoambiwa hakina sarufi. Leo wasomi wa Ulaya wanakisoma neno kwa neno ili kumwelewa mchoraji. Sasa wewe unaogopa kuuliza swali la dakika moja?

Mimi si msanifu majengo. Nitaelewa nini?

Usanifu majengo, ukiuvua suti yake, ni maswali ambayo kila mwenye nyumba anayo: jua linaingia upande gani saa nane mchana, maji ya mvua yanakwenda wapi, mgeni anakaa wapi kabla hujamkaribisha ndani. Na nani alisema tujenge huku na si kule. Hilo la mwisho ndilo lenye moto hapa kwetu.

Mji huu ulizaliwa 1910, mwaka uleule reli ilipofika kutoka kusini. Sababu ilikuwa shaba, na mwaka uliofuata tanuru lilianza kuyeyusha. Makamu gavana Émile Wangermée aliagiza mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari la hesabu, mtindo wa miji ya kusini kama Bulawayo. Ukaitwa Élisabethville, jina la malkia wa Ubelgiji, na jina hilo likadumu hadi 1966. Katikati walikaa Wazungu. Waafrika walikuwa na mtaa wao karibu mno, kwa maoni ya wakubwa, hivyo kuanzia 1921 wakahamishiwa kusini zaidi, kwenye Cité Albert. Ndiyo Kamalondo ya leo.

Kati ya pande hizo mbili paliachwa uwanja mtupu wenye upana wa mamia ya mita. Kwenye ramani uliitwa zone neutre. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: mbu wa malaria, walisema, hawezi kuruka umbali ule. Lakini boyi aliyepika, akafua na kubeba watoto wao aliuvuka uwanja huo kila alfajiri na kurudi kila jioni, na hakuna aliyemwuliza kama kuna mbu begani mwake. Ukisikia mzungumzaji akitaja zone neutre huku akionyesha ramani ya zamani yenye rangi mbili, wewe unayetoka Kamalondo kwa miguu kwenda mjini unajua anazungumzia barabara gani kuliko yeye. Majengo yameingia polepole kwenye uwanja ule, lakini miguu bado inalihisi lile pengo.

Mfano mwingine, mdogo, ndio ninaoupenda zaidi. Chukua ramani ya nyumba yoyote ya Mbelgiji wa wakati ule. Utakuta chumba cha kulala kwa Kifaransa, jiko kwa Kifaransa, na mbele ya nyumba, pale penye kivuli, pameandikwa "barza". Hilo ni neno letu baraza. Walikuja na majina ya vyumba vyote, wakakosa jina la mahali pa kukaa nje na mtu kabla ya kumruhusu ndani. Wakaliazima kwetu, herufi moja ikapotea njiani.

Kwa hiyo usiende kama mwanafunzi anayekwenda kupimwa. Nenda kama mwenye nyumba anayesikiliza wageni wakiieleza nyumba yake. Watakwambia vitu usivyovijua, hasa tarehe na majina. Wewe nawe unavyo vyako.

Kuna maneno ya Kifaransa ambayo nitayasikia sana. Yana maana gani?

"Plan" ni mchoro wa nyumba ukiitazama kama ndege, paa limeondolewa. "Façade" ni uso wa jengo. "Brise-soleil" ni zile mbao au nguzo nyembamba za saruji mbele ya madirisha, za kulivunja jua kabla halijagusa kioo. Tazama majengo ya miaka ya 1950 katikati ya mji, zimejaa. "Patrimoine" ni urithi, na likitajwa zaidi ya mara tano katika hotuba moja, ujue kuna jengo linalotaka kubomolewa.

Nipite wapi kabla ya konferansi ili nisifike mtupu?

Fika mjini masaa mawili kabla ya konferansi, utembee kwa miguu. Anza kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Petro na Paulo. Usiingie kwanza. Simama karibu na ukuta, upande uliopigwa na jua, uweke kiganja kwenye tofali saa kumi alasiri. Utahisi ukuta umekunywa joto la mchana mzima. Sasa zunguka upande wa kivuli, uweke kiganja tena. Hapo umeshapata somo la kwanza la usanifu, na hujalipa hata faranga.

Kama muda upo, pita mbele ya sinagogi, iliyojengwa karibu na 1930 na Wayahudi ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes. Wengi wetu tumepita pale miaka yote bila kujiuliza ilifikaje.

Kisha nenda Jengo la 30 Juni. Leo ni Bunge la Mkoa, lakini lilijengwa miaka ya 1950 kama jumba la maigizo la mji, kazi ya Mbelgiji Claude Strebelle, ambaye pia anahusika na jengo la makumbusho hapo jirani. Kila nikipita nafikiri: wabunge wetu wanakaa kwenye ukumbi uliochorwa kwa ajili ya waigizaji. Sisemi zaidi.

Malizia makumbusho. Usiharakie vinyago. Simama mbele ya misalaba ya shaba, ile ambayo wahunzi wa Katanga waliimimina kwenye mchanga karne nyingi kabla ya kampuni yoyote kufika, ikatumika kama fedha na kuzikwa pamoja na wafu. Mji wote unaoutembea umejengwa juu ya hamu ya kitu hicho.

Naweza kupiga picha njiani?

Taratibu. Majengo ya serikali, stesheni, viwanda vya madini na watu wenye sare, acha. Utajikuta unaeleza sanaa kwa mtu asiyekuwa na haraka ya kukuelewa. Mtu ukitaka kumpiga picha, muombe kwanza. Ndani ya maonyesho uliza mezani; kwa kawaida wanakubali bila flashi.

Maonyesho yenyewe yana nini? Mimi sanaa ya kisasa huwa siielewi.

Tuanze na unayoielewa. Nyumbani kwenu, au kwa babu yako, palikuwa na picha sebuleni: mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki, na kioo chake, au askari wakimchapa mfungwa mbele ya bendera ya Ubelgiji, au kiwanda na bomba lake la moshi. Fundi wa mtaani aliichora kwenye kitambaa cha gunia la unga na kuiuza kwa kupita mlango kwa mlango. Watu waliziita picha hizo ukumbusho. Hazikutundikwa kwa uzuri tu. Mgeni akikaa, ndizo zilizoanzisha maongezi. Basi hiyo ni sanaa, na wewe umekulia ndani yake. Tshibumba niliyemtaja alitoka hapohapo. Nyingi kati ya picha zake za historia ziko Amsterdam, kwenye Wereldmuseum (zamani Tropenmuseum), na mimi hilo linaniuma kidogo kila nikilikumbuka.

Kabla yake kulikuwa na Hangar. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji hapa Élisabethville, akakataza wanafunzi wake kuiga Wazungu. Akatoka Pilipili Mulongoy na ndege wake na samaki wake waliojaa karatasi nzima bila kuacha nafasi. Akatoka Mwenze Kibwanga, ambaye mwili wa mtu na wa mnyama aliujenga kwa vistari vifupivifupi kama nyasi zilizopigwa na upepo. Akatoka Bela, aliyechora kwa ncha za vidole bila brashi. Ukikutana na kazi ya yeyote kati yao ukutani, sogea hadi uone mkono ulipita wapi. Kwa Bela utaona alama ya kidole, nukta moja moja.

Sasa wa leo. Sammy Baloji, mtoto wa mji huu, alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi na kuzibandika juu ya picha zake mwenyewe za mitambo iliyokufa ya shaba, kiasi kwamba mtu wa zamani amesimama kwenye magofu ya leo na kukutazama. Kazi yake nyingine inaweka picha za Lubumbashi kutoka angani pamoja na picha za nzi na mbu kutoka masanduku ya makumbusho. Mwanzoni utajiuliza wadudu wanatafuta nini pale. Ndiyo zone neutre hiyohiyo! Zaidi ya hapo, zamani wafanyakazi walitakiwa kuleta nzi 50 waliokufa ndipo wapewe posho yao ya chakula. Ukilijua hilo, kazi nzima inafunguka. Mwaka 2023 studio yake, Twenty Nine Studio, ilipewa pongezi maalumu kwenye Biennale ya usanifu majengo ya Venice. Narudia: ya usanifu majengo, na yeye ni mpiga picha. Ndiyo maana siku hizi konferansi ya majengo na maonyesho ya sanaa vinapangwa jioni moja, mlango mmoja.

Kanuni yangu ni nyepesi. Kazi usiyoielewa, ipe dakika tatu. Kisha soma karatasi iliyobandikwa pembeni. Kisha muulize kijana anayeilinda. Wengi wao ni wanafunzi, na wanachoka kusimama kimya. Ukishafanya hayo yote na bado haikuambii kitu, pita. Kuna kazi ambazo hazina la kusema, hata zikiwa zimesafiri.

Umeme ukikatika?

Utakatika. Wenye maonyesho ya video wanajua, ndiyo sababu unasikia jenereta nyuma ya ukumbi. Jioni moja ilizimika nayo, mzungumzaji akiwa ameonyesha nusu tu ya picha zake. Watu wakawasha taa za simu, mmoja akamulika ukuta, naye mzungumzaji akaendelea kwa kuchora kwa chaki majengo aliyotaka kutuonyesha. Kwa ukweli nilielewa zaidi kuliko nilivyokuwa naelewa kwenye skrini, kwa sababu sasa alilazimika kuchora taratibu.

Ukipata kazi za Jean Katambayi Mukendi, utacheka na kukasirika kwa pamoja. Amesomea umeme, na anachora balbu kubwa zenye nyuzi za ajabu ndani, anaunda mitambo kwa kadibodi na vipuri vya zamani. Mji ulio jirani na shaba ya nyaya za dunia nzima, na kwako kuna giza. Yeye hahitaji hotuba kulisema hilo.

Naweza kumsahihisha mzungumzaji?

Unaweza, kwa adabu. Anza na shukrani, kisha "samahani mwalimu", kisha sema.

Nitakupa mfano. Katika konferansi moja, mgeni alionyesha picha ya nyumba ya zamani yenye ufa mrefu ukutani, akasema matofali ya kienyeji hayadumu, udongo wake ni dhaifu. Nyuma yangu alikaa mzee mmoja fundi mwashi, kofia magotini. Akasimama. Akasema kwa Kiswahili kwamba tofali la hapa hutengenezwa kwa udongo wa kichuguu, na mchwa wameshauchambua kabla yetu, hauna kokoto. Tofali lililoiva ukiligonga na lenzake linalia kama kengele. Likitoa sauti ya kibuyu, aliyelichoma alikuwa na haraka na kuni zake. "Lakini mwalimu," akasema, "ufa huo hautoki kwenye tofali. Rudisha picha yako. Tazama juu, mfereji wa bati umeng'olewa. Maji yanapiga msingi palepale kila mvua."

Mzungumzaji akarudisha picha, akaikuza. Mfereji haukuwepo. Alikaa kimya kidogo, kisha akamwomba mzee aje kukaa mbele. Nusu saa iliyobaki waliongea wawili, mmoja kwa Kifaransa, mwingine kwa Kiswahili, na hakuna aliyetoka. Walifika hadi kwenye kuni: kila tanuru la matofali linakula miti ya miombo, na mzee alieleza jinsi siku hizi kuni zinatoka mbali kuliko alipokuwa kijana. Hilo halikuwemo kwenye ratiba.

Tangazo limeandikwa 17h00. Ni saa ngapi kweli?

Saa kumi na moja jioni. Kuanza kweli ni baadaye, lakini wewe fika kwa wakati, upate kiti na uangalie kuta zikiwa hazina watu mbele. Kama ni mazungumzo ya mtandaoni yanayotoka Kinshasa, ongeza saa moja: 17h00 yao ni 18h00 yetu.

Nivae nini?

Safi inatosha. Kwenye vernisaji, yaani siku ya ufunguzi, utaona suti na vitenge vipya. Siku za kawaida utaona jinzi. Viatu viwe vya kusimamia. Juni na Julai beba koti, baridi ya jioni hapa haina mzaha.

Kuna chakula?

Ufunguzi huwa na kinywaji na vitu vya kutafuna, vinaisha haraka kuliko hotuba. Kula bukari (ugali) yako kabla ya kutoka. Ukipita soko la Kenya (mtaa wetu, si nchi), kipande cha chikanda, ule mkate wa mizizi na karanga, kwenye mfuko hakijamdhuru mtu, ila usikile mbele ya picha.

Nije na watoto?

Kwenye maonyesho, ndiyo, na siku za katikati ya wiki asubuhi ndizo nzuri. Wape kazi: nani ataona ndege wengi zaidi kwenye picha ya Pilipili. Kwenye konferansi ya masaa mawili, mwache nyumbani aliye chini ya miaka kumi, kwa huruma yake na yetu.

Nitarudije nyumbani usiku?

Hilo lipange kabla ya kutoka. Teksi-basi hupungua giza likiingia, na za kwenda mbali ndizo zinazotangulia kukosekana. Njoo na jirani mmoja mkodi gari au mfuatane. Kama unachukua moto, yaani pikipiki, chagua dereva unayemjua na mpigie mapema. Tazama pia ratiba ya mpira: siku ambayo Mazembe anacheza kwenye uwanja wake Kamalondo, njia ya huko imefungwa na furaha au na huzuni, kwa vyovyote hupiti.

Kazi za ukutani zinauzwa?

Baadhi. Uliza mezani, si kwa msanii mbele ya wageni. Bei ikikushinda, mchoraji huyohuyo anaweza kuwa na michoro midogo kwenye karakana yake. Usipunguze bei kama unanunua nyanya.

Ni wakati gani wa mwaka una mambo mengi?

Biennale ndiyo kubwa. Ile ya 2019 na ile ya 2022 zote zilianza Oktoba, joto limepanda na jakaranda zimeumwaga urujuani wao barabarani. Miezi mingine kuna kitu kimoja kimoja, na mimi napenda zaidi hivyo, kwa sababu ukumbi ukiwa na watu ishirini unapata muda wa kumkamata mzungumzaji mlangoni.

Nina picha za zamani za nyumba yetu na karatasi za baba za kambi ya wafanyakazi. Kuna anayezitaka?

Wanazitaka sana, wasanii na watafiti wote wawili, na hapa ndipo unapaswa kuwa na akili. Usimwachie mtu picha ya asili, hata akiwa na kadi ya chuo kikuu. Zipige picha kwa simu mchana, karibu na dirisha, bila flashi, mbele na nyuma, kwa sababu nyuma mara nyingi kuna mwandiko. Andika kwa penseli laini, si kwa kalamu, nani yuko pichani na ni mtaa gani. Kama Mama au Yaya (ndugu) mkubwa bado yupo, keti naye kwanza na umrekodi akizitaja moja moja, maana jina la aliyesimama wa tatu kutoka kushoto analo yeye peke yake. Kisha njoo ukumbini na nakala kwenye simu, na karatasi za asili zibaki kwenye sanduku lilipokuwa.